Mrejesho: Maji kwenye tangi la bawa la kushoto

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini sampuli ya mafuta ya tangi la bawa la kushoto la ndege ninayoirusha ilikuwa ikitoka na maji kila baada ya mvua, ilhali tangi hujazwa jioni ili unyevu wa hewa usipate nafasi ya kugeuka matone ndani yake. Mliokishuku kifuniko cha tangi mlikuwa sahihi. Fundi alipokifungua aliikuta ringi yake ya mpira imekakamaa na kupasuka upande mmoja, na kwa kuwa kifuniko kimelala ndani ya kishimo juu ya bawa, maji ya mvua yalituama pale na kupenya taratibu. Ringi mpya imefungwa, na sampuli sasa hutoka safi.

Lililonizindua zaidi, hata hivyo, ni onyo la mmoja wenu kwamba chupa ya sampuli iliyojaa maji matupu humdanganya mtazamaji, kwa sababu hakuna mstari unaotenganisha maji na mafuta. Tangu hapo huishika chupa mbele ya kitu cheupe ili niuone ubuluu wa 100LL, petroli ya ndege inayotiwa rangi hiyo, kisha huinusa. Baada ya kujaza mafuta husubiri maji yashuke chini ya mafuta, ndipo nitoe sampuli kwenye kila vali ya kutolea, ikiwemo ya kichujio kilicho karibu na injini, ambayo kwenye ndege hii ndiyo iliyo chini kuliko zote. Ringi ya kifuniko cha kulia, ingawa haijapasuka, nimeomba ibadilishwe pia, kwani umri wake ni uleule.