Naomba ushauri: utambulisho pekee unatosha kujitoa kwenye muungano?

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Nimepangiwa kuzungumza kwenye mdahalo, upande unaotetea kwamba taifa lenye utambulisho wake lina haki ya kujitoa kwenye muungano. Jambo hili naliamini kwa moyo wote, ila kuna mahali nakwama.

Uskoti ilipiga kura mwaka 2014, asilimia 55 wakakataa kujitenga na Uingereza. Waliokataa hawakuacha kuwa Waskoti. Wengi walihofia sarafu na pensheni zao. Nikiegemea utambulisho tu, wapinzani watanimaliza hapo hapo.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kura ya Montenegro ya kujitoa kwenye muungano wake na Serbia, 2006. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba kura za kutoka zifike asilimia 55, zikapatikana 55.5. Zingepungua kidogo tu wangebaki na Serbia, japo wengi walitaka kutoka! Ni haki kweli? Au nusu na kura moja ni kidogo mno kwa uamuzi mgumu kuutengua? Mimi naona sharti lile lilisaidia, maana Serbia iliyakubali matokeo.

Mliozoea midahalo, nianze na historia au niingie moja kwa moja kwenye kura? Na wale wachache wasiotaka kutoka niwajibuje?