Udhamini wa Umoja wa Mataifa: ulituharakishia uhuru au ulituchelewesha?

Shangani: Wana Kusini, bila Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Tanganyika tusingeupata uhuru 1961. Mkataba wa 1946, uliomwachia Mwingereza atutawale chini ya uangalizi wa Baraza hilo, ulimbana: ripoti kila mwaka, wakaguzi kila miaka mitatu (1948, 1951, 1954), na mwananchi anapeleka malalamiko New York moja kwa moja. Enzi za Ligi ya Mataifa, iliyotangulia Umoja wa Mataifa, barua ilipitia kwanza kwa Mwingereza unayemshtaki! Udhamini ndio uliotulindia nchi.

MnaziMmoja_Lindi: Wakaguzi wa 1954 walitupangia miaka 20 hadi 25 ndipo tujitawale. Piga hesabu, ni 1974 na kuendelea. TANU wakafika 1961. Hao walinzi walikuwa wapi mradi wa Mwingereza wa karanga Nachingwea ulipofyeka pori hadi 1951 na kuacha reli ya kung'olewa?

Shangani: Ratiba hiyo unayoicheka Mwingereza aliikataa katakata. Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza kuiunga mkono. Mcheke na yeye basi.

MnaziMmoja_Lindi: Sijamcheka Mwalimu, usinilishe maneno.

Mto_Ruvuma: “Ulitulindia nchi”? Kionga, ile pembe ya ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma, iko wapi?

Shangani: Mzee, Kionga alipewa Mreno 1919. Ligi yenyewe imeanza Januari 1920. Udhamini unaingiaje?

Mto_Ruvuma: Unaingia! Mjerumani aliitwaa 1894, Mreno akaiteka 1916, wakubwa wakagongea muhuri. Ligi ikakabidhiwa ramani iliyokwisha kukatwa, ikanyamaza. Umoja wa Mataifa nao ukairithi hivyo hivyo.

MnaziMmoja_Lindi: Hapo mzee umesema.

Kitaya: Mnagombea Kionga, tazameni ng'ambo yote ya Ruvuma, Msumbiji. 1951 Mreno aliziita koloni zake “mikoa ya ng'ambo”. Alipoingia Umoja wa Mataifa 1955 akadai hana koloni, kwa hiyo kifungu cha 73(e) cha Katiba ya Umoja huo, cha kutoa taarifa za koloni, hakimhusu. Na kifungu chenyewe kinataka takwimu tu: hakuna mkaguzi. Desemba 1960 Azimio 1542 la Baraza Kuu likaitaja Msumbiji kwa jina, akapuuza. Salim Ahmed Salim aliongoza Kamati ya 24, ile ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, tangu 1972, lakini aliyemng'oa Mreno ni wapiganaji wa Msumbiji, FRELIMO, na kambi zao zilikuwa Nachingwea.

Shangani: Umenisaidia. Huku wakaguzi, kule bunduki.

Mto_Ruvuma: Kionga hujanijibu.

MnaziMmoja_Lindi: Hawezi. Watu wa Shangani, Mtwara, wanapenda ripoti.

Shangani: Na wa Lindi je? Makao ya mkoa yalikuwa kwenu, bandari ya kina kirefu ikajengwa kwetu Mtwara, mpaka leo mmenuna!