MREJESHO: Uzi wazi au kubonyeza kwenye gitaa kavu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza hivi: kwenye melodi ya kwaya, ufunguo wa G, noti ya B ipigwe kwenye uzi wa pili ukiwa wazi au freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo) ya 4 ya uzi wa tatu? Noti ni ileile, ila rangi ya sauti inatofautiana.

Ushauri uliosaidia zaidi: noti ya kushikilia au ya kumalizia mstari, bonyeza. Hiyo ndiyo unayoweza kuitetemesha kwa kidole, na kuikata kwa kulegeza tu. Uzi wazi uachie noti za kupita, hasa mkono unapohama kutoka freti ya 2 kwenda ya 7. Uzi unalia huku vidole vinasafiri. Mlio wake ni mkali zaidi, kwa hiyo mkono wa kulia upunguze nguvu kidogo.

Kuzima besi (nyuzi nene) kumefaulu nusu. A ya uzi wa tano ikiachwa wazi huendelea kulia chini ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya G. Kidole kinachobonyeza uzi wa sita kikiulalia kidogo huo wa tano, unanyamaza, lakini kwenye mwendo wa kasi bado unaponyoka.

Uzi wazi uko sawa, ila noti za freti ya 1 na ya 2 bado zinapanda kupita sauti yake sahihi. Kama mlivyosema, mifereji ya nyuzi kule kichwani haijachimbwa vya kutosha. Hiyo ni kazi ya fundi na tupa ndogo.

Wenzangu wa Mbeya: baridi ya Julai hukaza nyuzi za chuma, sauti hupanda. Toa gitaa kwenye mfuko, likae kwanza, ndipo utuni (ulinganishe sauti za nyuzi).