Sensa ya joto kwenye giaboksi ya Hilux manual: nati ya chini, ya kujazia, au nitoboe bodi?

Mzigo wa Nyanda aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux dizeli, gia tano manual, inabeba mzigo kutoka Dar kwenda Iringa na Mbeya. Nataka geji ya joto la oili ya giaboksi ili nijue hali ikoje pale mlima Kitonga, maana ukishuka ukagusa kwa mkono huambulii kitu, huko chini kila kitu ni cha moto.

Geji ninayo, ya umeme, inasoma digrii 50 hadi 150 za Selsiasi. Imekuja na sensa yake ya waya mmoja, uzi wa 1/8 NPT (NPT ni aina ya nyuzi za kukazia). Giaboksi haina tundu la sensa. Fundi mmoja anataka kutoboa bodi ubavuni, mwingine anasema nitumie nati ya kujazia oili. Nani yuko sahihi? Na joto likifika ngapi ndiyo nianze kuwa na wasiwasi?

---

Spana 24:

Mkuu, bodi isiguswe. Ni aluminiamu, hujui kwa ndani gia iko umbali gani, na vumbi la drili litabaki humo humo likitembea na oili kwenye beringi. Ikipasuka unanunua giaboksi kwa ajili ya geji.

Tumia nati ya kumwagia oili, ile ya chini kabisa. Ila usitoboe iliyopo kwenye gari. Nenda kwenye maduka ya spea pale mtaa wa Gerezani, Dar, na hiyo nati mkononi kama sampuli, tafuta nyingine inayofanana nayo. Toyota nyingi za aina hiyo ni kichwa cha 24, uzi M18x1.5, lakini hakikisha kwa kuipima. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya leth (ya kukereza chuma) aitoboe katikati kwa biti ya 8.5 mm, kisha apitishe tapu (kifaa cha kukata nyuzi) ya 1/8 NPT. Drili ya mkono inakwenda upande, na ukuta unaobaki ni kama milimita 3 tu, hauna nafasi ya kukosea.

Mwambie wazi NPT, siyo BSP, ni aina mbili tofauti za nyuzi. NPT ina nyuzi 27 kwa inchi, BSP ya 1/8 ina 28. Zinaingiliana mizunguko miwili mitatu ukadhani zimekubali, kisha zinakwama na kuanza kuvuja. Na tapu ya NPT ni nyembamba nchani na inanenepa kwenda juu, asiizamishe yote. Aingize kidogo, ajaribu sensa, aongeze kidogo, mpaka sensa ikae kwa mkono mizunguko mitatu hivi.

Sasa urefu, hapa ndipo wengi wanaharibu. Ncha ya sensa lazima ichomoze ndani ya oili. Ikibaki imejificha ndani ya nati, inasoma joto la chuma na oili iliyotuama, geji inachelewa na inadanganya kwa chini. Ikichomoza sana inaliwa na gia. Ukishamwaga oili, chomeka waya mgumu kwenye tundu mpaka uguse jino la gia, weka alama usawa wa bodi, pima. Weka nyutro na uzungushe injini polepole kwa spana kwenye pule ya kranki, betri ikiwa imefunguliwa. Ukizungusha propela shafti peke yake haitoshi, shafti ya chini, ile yenye gia ndani ya giaboksi, inaweza isitembee. Pima upya sehemu kadhaa. Chukua kipimo kifupi kuliko vyote, uache nafasi ya milimita 10 kati ya ncha na jino.

Na kabla ya kumwaga, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikikataa kufunguka wakati oili imeshamwagika, gari halitoki hapo.

---

Gia ya Nne:

Nakubaliana kwa sehemu. Nati ya chini inakutana na mawe, na sensa ikivunjika kichwa njiani oili yote inabaki barabarani. Nati ya kujazia iko ubavuni, salama zaidi. Kwa nini asitumie hiyo?

---

Spana 24:

Kwa sababu nati ya kujazia ndiyo inayopima usawa wa oili. Oili inaishia ukingoni mwa tundu lake, kwa hiyo sensa iko nusu hewani. Gari likitembea gia zinarusha oili juu, usawa unashuka, ncha inapigwa na matone tu. Mlimani gari likiinama inaweza kukauka kabisa, na mlimani ndiko anakotaka kusoma.

Hoja ya mawe ni ya kweli, tena njia ya vumbi ndiyo mbaya zaidi. Fundi wa kuchomelea akutengenezee kikinga cha bati la milimita 3, kifungwe kwenye boliti za krosimemba (chuma cha chesisi kinachopita chini ya giaboksi), siyo za giaboksi. Kiwe na tundu la kupitisha hewa, maana ukifunika kabisa unaongeza joto unalolikimbia.

Jingine: angalia kama nati yako ya asili ina sumaku. Nyingi zinayo, na ukiitoboa mpya umeiondoa. Basi fupisha muda wa kubadili oili. Kila ukimwaga, tazama kilichotoka. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vyenye rangi ya dhahabu ni sinkro, zile ringi za shaba zinazolainisha kuingiza gia. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, fungua giaboksi.

---

Umeme wa Magari:

Niongezee upande wa waya, kwa sababu malalamiko mengi ya "sensa mbovu" ni waya.

Sensa ya waya mmoja inapata ethi (njia ya kurudi hasi ya betri) kupitia uzi wake. Ukiivika tepu nyeupe ya mafundi bomba kama unafunga koki, umeizibia ethi na geji itasoma baridi kuliko ukweli. Mzunguko mmoja na nusu, uache nyuzi mbili za mwanzo wazi. Kisha weka multimita kwenye omu, chuma cha bodi ya sensa (siyo pini ya waya) hadi hasi ya betri: isizidi omu 1. Ikizidi, safisha ile nyaya ya ethi inayounganisha injini na chesisi. Kwa magari ya Pwani huwa imeliwa na kutu.

Moto wa geji uchukue kwenye fyuzi inayowaka funguo ikiwa ON, uweke fyuzi yako ya ampea 3. Kuna mafundi wanaunga kwenye waya wa taa ya rivasi kwa kuwa uko karibu na giaboksi. Geji itafanya kazi ukirudi nyuma tu.

Waya wa sensa uwe 0.75 mm², ndani ya bomba la kuhimili joto, mbali na ekzosi na propela shafti. Uachie ulegevu, injini inacheza kwenye maunti. Kiunganishi kifunikwe vizuri, mvua zikianza na bonde la Jangwani hapa Dar likijaa, maji yanaingia na kijani cha shaba kinaota ndani.

Kipimo cha haraka: chomoa waya kwenye sensa, mshale ushuke chini kabisa. Ugusishe kwenye bodi, mshale upande hadi mwisho. Mshale ukifanya hivyo, geji na waya ni vizima, tatizo liko kwenye sensa. Na sensa usichanganye na geji ya kampuni nyingine hata kama uzi unakubali, kila moja ina omu zake.

Mwenye Canter anayesoma hapa: gari lako ni volti 24. Geji ya 12 itaungua siku hiyo hiyo bila kigeuzi.

---

Mzigo wa Nyanda:

Asanteni sana wakuu. Nitajuaje kama geji inasema kweli kabla sijaifunga? Na hizo namba za hatari?

---

Umeme wa Magari:

Iunge mezani kwa betri, sensa itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, bodi ya sensa uiunge na hasi kwa waya. Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 100, kwa hiyo mshale usome 100. Jaribio hilo hilo ukilifanya Mbeya mjini maji yatachemka kwenye 94 hivi, usije ukailaumu geji.

---

Spana 24:

Namba ni za kukuongoza tu. Bila mzigo mzito, 60 hadi 90. Mlimani na mzigo, 90 hadi 110 haitishi. Ikikaa 120 kwa muda, punguza mwendo na ushuke gia. Ikipita 130 simama, hapo oili ya madini inachoka haraka na oili sili zinakauka. Ukisimama mshale unaweza kupanda kidogo kwa kuwa upepo umekata, usishtuke.

Kikubwa ni tofauti. Njia ile ile, mzigo ule ule, ikipanda digrii 15 kuliko kawaida yake, anza na usawa wa oili, kisha aina ya oili, kisha beringi. Oili iliyozidi nayo inachemsha, gia zinaipiga mpaka inatoa povu. Kama kitabu cha gari kinasema GL-4 (daraja la oili ya gia), usiweke GL-5 ya kawaida, baadhi zinakula shaba ya sinkro.

Na gia ya tano isitumike na mzigo kwenye mwinuko. Ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja kutoka shafti ya kuingilia hadi ya kutokea, ya tano inapitia shafti ya chini, meno yanabeba mzigo wote na joto linapanda. Utaiona kwenye geji yako mwenyewe.

Kukaza: nati kwenye bodi weka washa mpya, Nm 35 hadi 40. Sensa ndani ya nati, kwa mkono kisha mzunguko mmoja na nusu. Ikaze mezani, nati ikiwa kwenye vaisi, kabla ya kuipandisha kwenye gari.