Kiingereza kwenye gaokao ya China: alama 30 za kusikiliza zibaki au ziondoke?

Mkaa Changsha (mleta mada)

Wakuu, nianze na shati. Mkamate Mchina yeyote aliyemaliza sekondari miaka ya karibuni, mwulize shati bei gani, atakujibu pauni 9 na peni 15 kabla hujafunga mdomo. Ndio mfano unaochezwa kabla sehemu ya kusikiliza haijaanza kwenye mtihani wa Kiingereza wa gaokao. Mtu anaulizia bei ya shati, majibu ni 19.15, 9.18 na 9.15, kisha sauti ya kwenye spika inakutajia jibu lenyewe, C, na kukuelekeza uweke alama kwenye karatasi. Umerudiwa miaka nenda miaka rudi mpaka umegeuka utani wa nchi nzima.

Kwa wasioujua, gaokao ni mtihani wa kuingia chuo kikuu, unafanyika kuanzia tarehe 7 Juni. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Majimbo mengi yana jumla ya alama 750: Kichina 150, hesabu 150, lugha ya kigeni 150, zinazobaki ni masomo mengine. Lugha ya kigeni inaweza kuwa Kijapani, Kirusi, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, ila walio wengi hufanya Kiingereza. Karatasi ya kitaifa ni dakika 120: kusikiliza 30, kusoma 50, kujaza mapengo 30, kuandika 40. Hesabu zenyewe mnaziona: alama 80 kati ya 150 ni masikio na macho. Mdomo sifuri.

Mimi nilikaa Changsha, mji wa China, miaka mitatu kwa shahada ya pili. Mwenye nyumba wangu alikuwa na binti aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akawa anamleta kwangu jioni afanye mazoezi. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa Kiingereza amekula nini. Akaniangalia, akamwangalia baba yake, akacheka kwa aibu. Nikaliandika swali lilelile kwenye karatasi, akalijibu kwa sentensi mbili zilizonyooka kuliko za kwangu. Kisha akafungua kitabu cha mitihani iliyopita, akakipiga kifungu cha ufahamu kuhusu ndege wanaohama, maswali manne, dakika saba, yote sahihi. Nikamwomba anisimulie, hata kwa Kichina, kifungu kinasema nini. Hakujua. Amefundishwa aanze na maswali, atafute neno kuu, arukie aya yenye neno hilo, achague jibu lenye maana ileile kwa maneno mengine. Wachina wenyewe wanauita ugonjwa huu yaba yingyu, Kiingereza cha bubu.

Hoja yangu: hizo 30 za kusikiliza ziondolewe kwenye karatasi ya Juni. Mazungumzo matano ya kwanza yanachezwa mara moja tu. Ukikaa nyuma, spika ikakwaruza, au jirani yako akakohoa, umeliwa. Ndio maana siku hiyo miji inazuia honi na kusimamisha ujenzi karibu na vituo vya mtihani (Korea Kusini wamefika mbali zaidi, hata ndege haziruki wala kutua dakika zile za kusikiliza Kiingereza). Mtoto wa kijijini ambaye mwalimu wake mwenyewe hajawahi kusemeshwa na mgeni anashindanishwa na mtoto wa mjini aliyekuwa na mwalimu wa Kifilipino kwenye simu tangu ana miaka sita. Karatasi ya kusoma angalau inafanana mlimani na mjini.

Karibuni.

Mwalimu Nyamvula

Ndugu, kabla ya yote, huenda binti hakuielewa lafudhi yako. Usimtupie gaokao lawama zote.

Sasa hoja. Nimefundisha Kiingereza Kilifi miaka kumi na sita, na jambo moja ninalijua kama ninavyojua njia ya kwangu: kisichotahiniwa hakifundishwi. Huku kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina sehemu ya stadi za kuzungumza, alama 30, na inafanywa kwa kalamu. Mwanafunzi anaandika neno linalotamkwa sawa na jingine, anapigia mstari sehemu yenye mkazo, anaeleza kwa maandishi angefanya nini akiwa kwenye mahojiano. Tunapima ulimi kwa wino! Matokeo yake darasani hakuna anayefungua mdomo, tunakaririsha orodha. Ondoeni kusikiliza China, na wiki ijayo kile kipindi kimoja ambacho mwalimu wa kijijini alikuwa akiwasha kinasa sauti kitakuwa kipindi cha sarufi. Anayeumia kwanza ni huyohuyo mtoto wa mlimani unayemtetea. Wa mjini ataendelea na Mfilipino wake.

Pangu Pakavu

Mimi nasema kiondoke Kiingereza chenyewe, si masikio tu. Mwaka 2021 mjumbe wa baraza la ushauri la siasa, Xu Jin, alipendekeza Kiingereza kisiwe somo la lazima lenye uzito sawa na Kichina na hesabu. Mwaka 2013 Beijing ilitoa rasimu ya kukishusha kutoka 150 hadi 100, ikaishia kwenye makaratasi. Mhandisi wa madaraja anakihitaji cha nini? Simu inatafsiri. Wakandarasi wao wamejaa kwetu, na sijaona daraja lililokwama kwa sababu msimamizi hajui Kiingereza.

Mkaa Changsha

Pangu Pakavu, nimekusoma, lakini Wizara yao ya Elimu ilishajibu: katika elimu ya msingi ya lazima, lugha ya kigeni inachukua asilimia 6 hadi 8 tu ya vipindi, Kichina 20 hadi 22, hesabu 13 hadi 15. Si kwamba Kiingereza kinawala watoto.

Pangu Pakavu

Hapo umenifungia goli mwenyewe, mkuu. Vipindi asilimia 6 hadi 8, alama kwenye gaokao 150 kati ya 750, yaani asilimia 20. Najua vipindi hivyo ni vya madarasa tisa ya kwanza na si vya sekondari ya juu, usinikosoe. Ila huo upungufu nani anaujaza? Mzazi, kwa tuisheni. Na tuisheni za biashara zilipigwa marufuku Julai 2021, kwa hiyo sasa zinafanyika sebuleni, mlango umefungwa, kwa bei ya mwenye nacho.

Mama Xiaobei

Niko Guangzhou mwaka wa kumi na mbili, biashara ya nguo, kwa hiyo la shati limenichekesha. Pauni 9 na peni 15 huku unapata mawili na chenji.

Mnazungumza kana kwamba China nzima ni spika moja ukutani. Jimbo letu hili la Guangdong waliachana na hiyo tangu 2011. Huku watoto wanafanya kusikiliza na kuzungumza kwenye kompyuta, kila mmoja na hedifoni yake, miezi kabla ya Juni. Kwanza wanaangalia video fupi na kuisoma kwa sauti wakifuata mwendo wa msemaji. Pili wanauliza maswali matatu na kujibu matano. Tatu wanasikia hadithi na kuisimulia upya. Alama 20 sasa. Beijing nao tangu 2021 wametenga alama 50, kusikiliza 30 na kuzungumza 20, unafanya mara mbili na wanachukua iliyo bora. Sasa, mleta mada, spika yako inayokwaruza iko wapi hapo?

Mpwa wa jirani yangu aliupitia. Alikuwa anatembea sokoni akisimulia hadithi kwa Kiingereza peke yake kama mwendawazimu. Huyo si bubu.

Mkaa Changsha

Mama, nakubali hilo sikulitaja, na ni kosa langu. Ila Guangdong na Beijing ni matajiri. Angalia jimbo la Henan, zaidi ya watahiniwa milioni moja. Kwa miaka mingi huko mtihani wa kusikiliza ulikuwepo lakini alama zake hazikuingia kwenye jumla. Karatasi ya maandishi ya 120 ilipandishwa kwa hesabu hadi 150. Mbingu haikuanguka. Na nchi nzima, mtahiniwa kiziwi anasamehewa kusikiliza na alama zake za maandishi zinapandishwa kwa uwiano huohuo. Maana yake hata wenye mtihani wanakubali kwamba alama ya lugha inaweza kupatikana bila sikio.

Mwalimu Nyamvula

Hapana. Kiziwi anasamehewa kwa sababu hana namna nyingine, na ni haki yake. Huwezi kuchukua mkongojo wa mtu ukasema basi wote tutembee na mikongojo. Na Henan umeikata hadithi katikati. Mtoto huyo akiingia chuo kikuu anakutana na CET-4, mtihani wa Kiingereza wa vyuo, ambako kusikiliza ni asilimia 35, sawa na kusoma. Hapo ndipo anapokatwa, ana miaka ishirini, na hakuna mwalimu wa kumshika mkono.

Karani wa Pemba

Napita tu, ila hilo la CET-4 linalegea. Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kilitangaza 2023 kwamba hakitadai tena mtihani wa Kiingereza kama sharti la kuhitimu.

Kilichonileta ni "kufanya mara mbili". Watu wanaitaja kama dawa, na jimbo la Zhejiang walishaionja. Huko Kiingereza kinatahiniwa mara mbili. Novemba 2018 karatasi ilitoka ngumu kuliko zilizotangulia, wenye mamlaka wakaamua kuongeza uzito kwenye baadhi ya maswali ili wastani usawazike. Wazazi walikuja juu: aliyekosa maswali rahisi na kubahatisha magumu amepanda, mwenzake ameshuka. Serikali ya jimbo ikachunguza, Desemba ikafuta uzito ule na kurudisha alama halisi, na mkuu wa idara ya elimu akaondolewa. Mara mbili maana yake karatasi mbili, na karatasi mbili hazilingani hata uzipime kwa mizani ya dhahabu.

Mwanafunzi wa Usiku

Wakubwa zangu, shikamooni. Mbona wote mnabishania sikio na kusoma mmekuacha kama malaika? Mimi ninajitolea kusahihisha mazoezi ya ufahamu, nimezipitia karatasi zao nyingi. Kusoma ni vifungu vinne, maswali 15 ya alama 2.5, halafu ile wanaiita saba-chagua-tano: aya ina mapengo matano, sentensi saba, mbili ni mitego. Kifungu cha kwanza mara nyingi ni tangazo: ratiba ya makumbusho, ziara ya jiji, kozi ya likizo, tiketi bei gani kwa mtoto na kwa mtu mzima. Kinaitwa rahisi. Rahisi kwa nani? Aliyewahi kwenda makumbusho anajua hata kabla ya kusoma kwamba Jumatatu pengine pamefungwa na kwamba kundi linapata punguzo. Wa kijijini anapambana na lugha na anapambana na dunia ya tangazo kwa wakati mmoja. Ule usawa wa karatasi aliosema kaka wa Changsha mimi siuoni.

Na yule binti aliyepata yote bila kujua kifungu kinasema nini, si alikuwa kwenye kusoma? Ushahidi wako mwenyewe unashtaki kusoma, kaka, na wewe unafukuza kusikiliza.

Mama Xiaobei

Mtoto ameua.

Mkaa Changsha

Ameua kweli, na marahaba mdogo wangu. Nimelala na hilo swali usiku mzima. Nilivyofikiri ni kwamba spika ndiyo inayoonea watu, kwa sababu inaonekana: inakwaruza, inapita haraka, hairudi. Karatasi inakaa kimya mbele yako, ukaiona ya haki.

Tatizo ninaloliona sasa ni maswali ya kuchagua yenyewe. Watu milioni 13, penseli ya 2B, mashine inasahihisha, na kwa kuwa mashine haina mjomba hakuna anayenung'unika. Kila kinachopimwa hapo lazima kifinyangwe kiwe A, B, C. Sehemu pekee ambayo binti yule hakuweza kuikwepa kwa ujanja ni ile ya mwisho ya kuandika: unapewa hadithi iliyokatwa na unaimalizia kwa aya mbili, alama 25. Zhejiang waliianza 2016, sasa iko kwenye karatasi ya kitaifa. Hiyo lazima uwe umeisoma hadithi. Alikuwa akiichukia kuliko zote.

Kwa hiyo nahama, ila nusu. Kusikiliza kubaki, kwa masharti ya Guangdong, hedifoni na mdomo ufunguliwe. Kusoma kupunguzwe kutoka 50, zipelekwe kwenye kusimulia ulichosoma.

Mwalimu Nyamvula

Na nani atasahihisha masimulizi ya milioni 13?

Mkaa Changsha

Walewale wanaosahihisha insha za Kichina za watu haohao, mwalimu. Wapo na wanalipwa.

Pangu Pakavu

Mimi sijahama.

Mama Xiaobei

Nyongeza moja kabla sijafunga duka. Msichana anayenisaidia hapa anatoka kaskazini ya jimbo, milimani, na alifanya mtihani wa hedifoni. Nimemwuliza leo. Anasema shuleni kwao kompyuta zilikuwa chache, akaigusa ile programu mara tatu kabla ya siku yenyewe, na siku yenyewe chumba kizima kilikuwa kinasimulia hadithi moja kwa pamoja, watu arobaini. Alipokwama, alimsikiliza wa jirani, akaendelea naye. Nikamwuliza je, hiyo si kuangalizia? Akasema, "Dada, si mlisema mnapima kusikiliza?"