Kupeleka watoto kuona pomboo na kasa: Agosti au Desemba?

MamaWawili_Kayole
Hamjambo wadau. Wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, hawana wimbo mwingine ila pomboo. Akiba yangu inatosha safari moja tu ya Pwani mwaka huu, kwa treni ya SGR kutoka Syokimau. Niende likizo ya Agosti au ya Desemba? Na niende upande gani? Yule mdogo hajui kuogelea kabisa.

Mdigo_SouthB
Dadangu, Desemba. Mimi nimelelewa Shimoni, Pwani ya kusini, na Agosti kule ni kusi: upepo mkali, maji yamevurugika, mashua inatapisha hata watu wazima. Uzuri wa Agosti ni nyangumi, wanaopanda kutoka bahari za baridi kuja kuzalia huku kwetu kwenye joto. Kwa watoto wadogo ngojeni kaskazi ya Desemba itulize maji, muone hadi chini.

Mkishuka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, vukeni feri ya Likoni, mpande matatu za Lunga Lunga mshukie njia panda ya Shimoni. Mashua za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite zinaondokea Shimoni, zinapita kisiwa cha Wasini. Pomboo wako huko.

Kabla ya kukata tiketi tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa na kujaa kwa nguvu na mkondo unavuta. Wewe chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Nakusihi jambo hili: nahodha akianza kukimbiza pomboo au kuwakatia njia, mwambie aache, umemlipa wewe. Nahodha mzuri hupunguza mwendo, akawaacha wasogee wenyewe wakitaka. Kasa naye lazima apande juu avute pumzi; mkimzingira atazama kabla hajapumua. Mkate msiwarushie samaki, hata mkiambiwa ni kawaida. Niliona mengi ya namna hiyo nikikua na bado yananiuma.

Mkishatia nyuso majini, waambie watoto watulie. Watasikia kwaru, kwaru, kwaru. Huyo ni samaki pono anakwangua matumbawe kwa meno yake, na sehemu ya ule mchanga mweupe hapo chini imetoka tumboni mwake. Wanangu walisahau pomboo kwa sababu ya pono.

Kasa_wa_Kasarani
Kwa huyo wa miaka 6 mimi ningeenda Watamu. Ni hifadhi ya bahari tangu 1968, na matumbawe hayako mbali na ufuo. Maji yakipwa mtakuta viti vya pweza na kaa kwenye vidimbwi vya mwambani. Vaeni viatu vya mpira, miiba iko. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, lipa mapema kwa eCitizen, mtandao wa serikali.

MamaWawili_Kayole
Asanteni sana. Desemba basi, na nadhani Shimoni, maana bila pomboo sitalala. Jaketi za kuokolea za watoto ziko?

Mdigo_SouthB
Kwa wengine ziko, kwa wengine utapewa ya mtu mzima iliyokazwa kamba. Hiyo ikatae. Uliza kwa simu kabla hujalipa. Mvalishe mkiwa bado gatini, umnyanyue kwa kushika jaketi mabegani; likimpanda hadi masikioni ni kubwa, waambie walete lingine. Na wote wawili wavae fulana za mikono mirefu, jua la saa sita majini huchoma mgongo bila mtu kuhisi.