Ni wakati gani mzuri wa kuzuru ufuo wa mlango wa Mto Sabaki?

Mgeni kutoka Nakuru: Ndugu zangu, natarajia kuwapeleka wazazi na watoto wangu Malindi mwezi wa Desemba, na ningependa tufike pale Mto Sabaki unapoingia baharini. Je, maji yanafaa kuogelea wakati huo?

Mkaazi wa Malindi: Karibu sana. Desemba ni msimu wa kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini-mashariki; wakati huo, hasa baada ya mvua za vuli, mto huleta udongo mwingi kutoka bara, nao mkondo huusukuma kusini hadi mbele ya mji, hivyo bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kusi, yaani upepo utokao kusini, inapovuma, udongo huo huelekea kaskazini, upande wa Mambrui. Hata hivyo, mlangoni penyewe msiogelee kamwe: kuna viboko, na maji yanapokupwa mkondo huvuta kwa nguvu.

Mpenda ndege: Naongezea kwamba uzuri wa pale ni kutazama. Fikeni alfajiri maji yakiwa yamekupwa, mtembee taratibu kandokando ya matuta ya mchanga, na mkibahatika mtawaona heroe wakichovya midomo kwenye tope, huku nyayo zao zikijaa maji nyuma yao. Tafadhali watoto wasiwakimbize, kwa kuwa ndege wengi wametoka safari ndefu na wanahitaji kula. Mchukueni kijana wa hapo awaongoze, maana fungu la mchanga huhamahama.

Mgeni kutoka Nakuru: Nashukuru sana. Kuogelea tutakwenda Watamu.